Pikapu ya Shamba: Yafaa Kuongezwa Nini, na Ikigoma Itazamwe Wapi

Wanachama wenzetu, kila msimu unapokaribia huonekana barabarani pikapu nyingi zimevikwa vitu vipya. Hii imetiwa bampa ya chuma kinene, ile imepandishiwa keria juu ya kebini, na ya tatu ina safu ya taa kama meli iingiayo bandarini. Hatusemi kwamba vitu hivi ni vibaya. Baadhi yake vina faida kubwa kwa mkulima wa karafuu. Lakini liko jambo moja ambalo muuzaji wa vifaa hivi aghlabu hamwambii mnunuzi, nalo ni kwamba kila kinachoongezwa juu ya gari hudai haki yake. Taa hudai umeme, chuma hudai uzito, na springi ngumu hudai breki zitazamwe. Haki hiyo isipotolewa mapema, gari huitoza yenyewe, na huitoza usiku, njiani, karafuu mbichi zikiwa bodini.

Kwa mtu mwingine gari kulala njiani ni taabu tu. Kwetu sisi ni mali kupotea. Karafuu zilizochumwa leo zikilundikwa katika magunia zikakesha hivyo, hupata joto zenyewe na kuvunda. Zikija kukauka hutoka zimenyauka, nyepesi, zenye rangi ya kufifia kama zilizopakwa vumbi, na hapana jua litakalozirudishia ile hudhurungi iliyokoza inayotakiwa kituoni. Daraja limeshuka, na bei pamoja nalo. Tena tukumbuke kwamba karafuu mbichi hupoteza kiasi cha theluthi mbili za uzito wake zinapokauka. Mwenye kutoa mbichi shambani kupeleka uwanja wa kuanikia ulio mbali anabeba mzigo mara tatu ya ule atakaoupeleka sokoni. Kazi nzito ya pikapu ni hii ya jioni, katika njia ya udongo, wala si safari ya kituoni katika lami.

Basi tuanze na taa, maana ndizo zinazopendwa sana na ndizo zinazoharibu sana.

Taa kubwa za mbele ambazo gari nyingi hutoka nazo kiwandani ni za wati 55 zikiinamishwa na wati 60 zikiinuliwa. Waya zake, swichi yake na fyuzi yake vimepimwa kwa kazi hiyo. Sasa mtu ananunua taa mbili za wati 100 kila moja. Jumla ni wati 200. Gawanya kwa volti 12, utapata ampia 17 kasoro kidogo. Fundi mwenye haraka huunga taa hizi katika waya ya taa za zamani, au hupitisha umeme wote katika swichi ndogo ya kwenye dashibodi kwa waya nyembamba. Siku ya kwanza taa zinawaka na kila mtu anafurahi. Baada ya wiki mbili swichi inanuka, plastiki yake imelainika, na waya ukiishika ina joto.

Ukiacha hatari ya moto, liko na hasara nyingine isiyoonekana. Waya ya shaba yenye unene wa milimita mraba 1, ikienda mita 4 na kubeba ampia 17, hupoteza njiani kiasi cha volti 1.2. Hiyo ni sehemu moja katika kumi ya umeme wote. Na taa ya kawaida ya uzi ikipungukiwa umeme kwa sehemu moja ya kumi, mwanga wake hupungua karibu theluthi nzima. Yaani mtu amelipa bei ya taa kubwa naye amulikiwa na taa ndogo. Waya ya milimita mraba 4 katika safari hiyo hiyo hupoteza volti 0.3 tu. Bei ya waya hizi mbili haipishani sana ukilinganisha na bei ya taa zenyewe, na anayebania waya akanunua taa ya ghali ni kama aliyenunua pampu kubwa akaifunga mrija wa baiskeli.

Njia iliyo sahihi ni kutumia rilei. Hicho ni kiboksi kidogo chenye sumaku ndani yake: umeme mdogo wa kutoka swichini huamsha sumaku, na sumaku hufunga njia ya umeme mkubwa utokao moja kwa moja katika betri kwenda taani. Kwa hiyo swichi ya dashibodi haibebi mzigo wowote wa maana. Rilei nyingi zina miguu minne iliyoandikwa nambari, na nambari hizo ni zile zile kwa watengenezaji wengi. Mguu wa 30 hupokea umeme wa betri, wa 87 huupeleka taani, wa 86 hutoka swichini, na wa 85 huenda ethi. Mwanachama asiyejua ufundi aweza kusimama kando na kutazama kama fundi wake amefuata mpango huo, wala hapana ubaya kumwuliza.

Baina ya betri na mguu wa 30 lazima iwekwe fyuzi. Kwa mzigo huu wa ampia 17 yafaa ya ampia 25, pamoja na ile waya ya milimita 4. Nayo ikae karibu kabisa na betri, shibiri moja au mbili. Maana yake ni hii: fyuzi hulinda waya iliyo mbele yake, haiwezi kulinda iliyo nyuma yake. Ukiiweka mwishoni karibu na taa, waya yote iliyopita pembeni ya injini imebaki bila mlinzi, na siku itakapokwaruzwa na chuma itashika moto kabla fyuzi haijajua khabari.

Ethi nayo isidharauliwe. Katika visiwa vyetu hewa ni ya chumvi, na skrubu iliyokazwa juu ya rangi au juu ya kutu haipitishi umeme vizuri hata ikikazwa kwa nguvu za watu wawili. Pakwanguliwe mpaka chuma king'ae, paungwe, kisha papakwe grisi juu yake. Taa zinazofifia na kupata nguvu gari inaporuka shimo, au zinazowaka ukigusa kitu kingine kisichohusiana nazo, karibu kila mara ugonjwa wao ni ethi.

Siku hizi ziko taa za LED, na kwa kazi yetu twaziona bora, khasa zile za kumulika nyuma ya bodi wakati wa kupima. Tazama hesabu. Wachumaji wanaanza kupimiwa magharibi, na kazi inakwisha saa nne usiku; hizo ni saa tatu u nusu. Taa mbili za zamani za wati 55 zikiwaka injini ikiwa imezimwa hula ampia 9 hivi. Betri ya ampia 60 kwa saa, ambayo haifai kushushwa chini ya nusu, ina ampia 30 za kutumia, nazo zitakwisha kwa muda wa saa tatu na dakika ishirini. Ndiyo sababu gari nyingi hugoma baada ya kupima na si kabla. Taa mbili za LED za wati 27 hula ampia 4 u nusu tu, na betri ile ile itavumilia mara mbili ya muda huo. Lakini tahadhari: usitoe balbu ya kawaida katika taa kubwa ya mbele ukatia ya LED isiyotengenezwa kwa taa hiyo. Kioo kile kilipimwa kwa uzi wa balbu ya zamani; ukitia kingine mwanga hutawanyika, humpofusha anayekuja mbele, na wewe mwenyewe huoni mbali zaidi.

Wazee wetu walioendesha Land Rover zile zilizoanza kutoka mwaka 1948 walikuwa na dinamo iliyozalisha umeme kidogo mno injini ikienda polepole. Alternata ya leo ni bora, ila nayo ina mpaka. Iliyoandikwa ampia 70 haitoi 70 gari ikinguruma mahali pamoja. Aghlabu hutoa nusu yake au pungufu. Sasa fikiri uko katika njia ya udongo wa vuli, mvua yanyesha, unakwenda mwendo wa punda. Taa kubwa zimewaka, ampia 10. Taa za kuongeza, ampia 17. Waipa zinafanya kazi, feni inapuliza kioo, redio inaimba, simu tatu zimo katika chaji. Hapo gari inakula kuliko inavyopata, na tofauti hutolewa betrini. Dawa si betri kubwa zaidi, maana hiyo nayo yataka kujazwa. Dawa ni kuzima visivyo na kazi.

Ama gari ikigoma kuwaka asubuhi, swali la kwanza ni moja, na fundi mzuri utamjua kwa swali hilo. Mwenye gari atasema, "Fundi, gari haina nguvu, nafikiri betri imekufa." Fundi mzuri atamjibu, "Mzee, cha mwisho kuongezwa humu ni nini, na tangu lini?" Mara nyingi jibu liko hapo hapo.

Kisha itumike mita ya volti, ambayo bei yake ni ndogo na faida yake yashinda taa zote tulizozitaja. Betri iliyojaa, baada ya kupumzika, huonyesha volti 12.6 hivi. Ikiwa ni 12.2 imebaki nusu. Chini ya 12 ni tupu au inakaribia. Washa injini: katika gari nyingi mita itapanda baina ya 13.8 na 14.4. Isipopanda, alternata haichaji, au mkanda wake umelegea, au waya yake imekatika. Usikimbilie kununua betri. Mtu mwingine apige stata nawe utazame mita: ikianguka chini ya 9.6, na betri ilikuwa imejaa, basi betri hiyo ndiyo mgonjwa.

Ikiwa stata inatoa mlio wa "tak" tu na mita haianguki sana, betri ina nguvu lakini nguvu haifiki. Tazama vichwa vya betri kama vimeota ule unga mweupe au wa kijani. Vifungue, ukianza na upande wa hasi, vioshe kwa maji ya moto, visugue ving'ae. Kisha jaribu jambo hili ambalo wengi hawalijui: weka ncha moja ya mita juu ya nguzo ya hasi ya betri, na ncha ya pili juu ya chuma cha injini, halafu mwenzako apige stata. Mita ikionyesha zaidi ya nusu volti, kebo ya ethi baina ya betri na injini imechoka au imelegea. Kebo ya namna hiyo imewanunulisha watu stata mpya zisizohitajiwa.

Iko tena ile gari inayowaka jioni vizuri na asubuhi haina kitu. Hiyo inanyonywa usiku, na mnyonyaji kwa kawaida ni king'ora, redio au kichajio kilichoungwa bila kupitia swichi ya ufunguo. Zima kila kitu, funga milango, fungua kebo ya hasi, na weka mita ya ampia baina ya kebo na betri. Usipige stata mita ikiwa hapo, itaungua. Subiri dakika kadhaa gari itulie. Ikionyesha chini ya ampia 0.05 hapana neno. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja. Ile ambayo ukiichomoa mshale unaanguka, njia yake ndiyo yenye mwizi.

Sasa tuje kwenye uzito. Tuseme pikapu yako imeandikiwa kubeba kilo 1,000. Bampa ya chuma, keria na kifuniko cha bodi vikiwa kilo 150 kwa pamoja, hizo zimekwisha kutoka. Watu watano ndani ya kebini, kila mmoja kilo 70, ni kilo 350. Zimebaki 500, yaani magunia kumi ya kilo 50. La kumi na moja limezidi, na sote twajua kwamba la kumi na moja si la mwisho kupakiwa. Mwenye kutia chuma kingi juu ya gari yake ajue kwamba kila kilo 50 za mapambo ni gunia moja la karafuu aliloliacha shambani.

Keria ina ubaya wake wa pekee, kwa sababu huinua uzito juu. Katika njia za Pemba, ambazo hazijui tambarare, gari yenye mzigo juu ya kebini huinama vibaya kwenye kona. Juu ya keria viwekwe vitu vyepesi, majamvi na vikapu vitupu. Na juu ya magunia wasipandishwe wachumaji. Twajua kwamba usiku umeingia, watu wamechoka na kwao ni mbali. Lakini mchumaji aliyesalimika juu ya mkarafuu kutwa nzima hastahili kuvunjika shingo katika safari ya kurudi nyumbani. Afadhali gari iende mara mbili.

Wanaolemewa na mzigo hukimbilia springi. Huongeza jani moja au mawili katika springi za nyuma, au huinua gari nzima. Springi ikiongezwa gari husimama vizuri, na mwenyewe hudhani uwezo wa kubeba umeongezeka. Hasha! Ekseli ni ile ile, beringi ni zile zile, breki ni zile zile. Kilichobadilika ni kwamba gari haionyeshi tena kuwa imelemewa.

Tena ipo khatari iliyojificha chini. Pikapu nyingi za aina ya Hilux na dada zake zina valvu ya breki karibu na ekseli ya nyuma, yenye mkono wa chuma uliofungwa ekselini. Gari ikiwa tupu bodi hukaa juu, na valvu hupunguza nguvu ya breki za nyuma ili magurudumu yasiteleze. Gari ikipakiwa bodi hushuka, mkono husukumwa, na valvu huruhusu nguvu zaidi kwenda nyuma. Sasa ukitia springi ngumu au ukainua gari, bodi haishuki hata ukipakia tani nzima. Valvu hudhani gari ni tupu. Breki za nyuma hupata kidogo, za mbele hubeba kazi yote na kupata moto, na mtu huligundua jambo hili akiwa anateremka kilima na magunia nyuma yake. Kwa hiyo fundi akibadilisha springi, lazima aurekebishe na mkono huo kama kitabu cha gari kinavyoeleza, na atazame mipira ya breki ya nyuma kama bado ina urefu wa kutosha bodi ikiwa juu kabisa. Akikuambia hajui mkono gani unaozungumzwa, mtafute mwingine. Na zile bolti za mviringo zinazoshika springi zikazwe tena baada ya siku chache za kazi, kwa sababu hulegea.

Taa za mbele nazo zipimwe upya baada ya hapo, gari ikiwa na mzigo. Pikapu iliyolemewa nyuma humulika minazi.

Kuhusu matairi tutasema machache. Mapana huvutia macho, lakini pana si lazima liwe bora katika udongo wa utelezi. Jembamba lenye meno makubwa hukata tope likafika kwenye ardhi ngumu. Ukitoka 205R16 ukaenda 265/70R16, kimo cha tairi chaongezeka kiasi cha sehemu 6 katika 100. Spidi mita ikisema 80, wewe uko karibu 85, na injini na breki zina kazi zaidi kuliko zamani. Kwa tairi lililokwisha kutumika nchi za nje, tazama ubavuni nambari nne za mwisho ndani ya duara ndogo: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye meno mazuri na umri wa miaka kumi ni mzee aliyepaka hina ndevu.

Ndoano ya kuvutia gari ifungwe kwenye chesisi kwa bolti, si kwenye bampa, na wakati wa kuvuta watu wasimame mbali. Kamba ikikatika hurudi kama mjeledi, na ikiwa imeng'oa kipande cha chuma hurudi nacho.

Injini za dizeli zina adui mwingine, naye ni maji. Dizeli ya madumu, khasa dumu lililokaa nje msimu mzima wa mvua, karibu haikosi maji chini yake. Gari ikianza kukosa pumzi kwenye mlima, au ikizima na kuwaka, tazama kwanza kichungi cha dizeli. Vingi vina kifunguo chini cha kutolea maji. Mimina katika chupa safi ya kioo uiache itulie: maji hukaa chini, dizeli juu. Ukikwisha, pampu ya mkono iliyo juu ya kichungi ibonyezwe mpaka iwe ngumu, ndipo upige stata. Kutia kichungi cha pili kabla ya kile cha kiwanda ni katika nyongeza chache tunazozisifu bila masharti.

Nyingine ni turubai zuri lenye matao ya bomba jepesi juu ya bodi. Halina ufahari, lakini karafuu kavu zikinyeshewa njiani hunywa maji na kazi ya siku nzima ya jua imepotea. Matao yainuke katikati ili maji yateremke pembeni, na turubai lipite nje ya kingo za bodi, si ndani. Na dumu la akiba lipewe kishikio chake nje ya bodi. Karafuu hushika harufu upesi. Gunia lililolala usiku mmoja karibu na dizeli iliyovuja litanuka dizeli mbele ya mpimaji, na turubai lile lile lililofunika madumu jana lisitandikwe leo juu ya karafuu mpaka lioshwe kwa sabuni na kuanikwa likauke.